Uliza Mpiga Udi: "Sauti ya shangazi iko chini, mie nimezoea juu"

Asalaam aleikum wasomaji. Mwezi huu simu yangu imejaa voisi noti za watu wanaimba jikoni, wengine wanaimba bafuni kabisa naskia maji yanamwagika, na karibu wote shida yao ni moja: udi na mwimbaji hawakutani. Sitaweza kuwajibu wote. Nimechagua watano, na huyu wa Tanga namjibu kwa kirefu manake akinielewa yeye nusu ya wengine nao watakua wamejibiwa.

Shikamoo maalim. Napiga udi huu mwaka wa tatu, nilianzia kwenye gitaa. Kwenye kikundi chetu alikua anaimba mwanaume na nyimbo zote nimezizoea kwa kii yake, yani pale sauti yake inapoanzia na kutulia. Sasa yeye kaenda Dar kutafuta maisha na anaeimba ni shangazi yangu, ana miaka hamsini na kitu, sauti yake nzito tamu ila kwenye kii ileile ama anazama haskiki ama anaruka juu anapiga ukelele hadi watoto wanacheka. Kwenye gitaa ningeweka kapo, kile kibano cha shingoni kinachopandisha nyuzi zote, nimalize. Kwenye udi nafanyaje? Nilijaribu kukaza nyuzi zote zipande kidogo, moja ikakatika ikanichapa shavu.
Kijana wa Tanga

Marahaba mwanangu, pole na shavu, mie mmoja ulinipata karibu na jicho kwa hiyo nakuelewa vizuri. Hizo nyuzi acha kuzikaza leoleo. Kile kijibao cha chini kinachoshika nyuzi kimegandishwa kwa gundi tu, hakuna msumari pale, na ukipandisha udi mzima sauti moja nzima ule mvuto unaongezeka kama asilimia 26, yani nyuzi zote 11 zinavuta robo zaidi ya zilivyokua zinavuta asubuhi, alafu ongeza joto la Tanga na unyevu wa bahari, siku utaingia chumbani ukute kijibao kimeng'oka kimeondoka na kipande cha uso wa udi. Kushusha nako ukizidisha nyuzi zinalegea kama kamba ya kuanikia nguo, zinagonga ubao zinalia hovyo. Na kapo sahau, shingo ya udi haina vile vyuma vya gitaa, ukibana na kitu pale sauti inakufa.

Sasa kuna jambo watu wa gitaa mnachelewa kuliona. Udi hauhami, wimbo ndo unahama. Mie natyuni hivi, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba: do, fa, la, re, sol, do. Tazama kuanzia la. La kwenda re, re kwenda sol, sol kwenda do ya juu, zote zimepishana masafa yaleyale, hatua nne ukihesabu na ile uliyosimama. Manake wimbo wa hijazi (hijazi, bayati, rasti na saba ni maqam, yani mipangilio ya noti ya Kiarabu) ulioujua kwa kuanzia uzi wa re, ukiuhamishia wote uzi wa sol, vidole ni vilevile havibadiliki hata kimoja na wimbo umepanda hatua nne. Ukiuhamishia uzi wa la umeshuka hatua nne, vidole vilevile tena. Bayati hivohivo. Rasti unayoianzia do ukiipeleka fa ni hivohivo. Huko chini kwenye fa na la ndo mpango unavunjika kidogo manake nyuzi hizo mbili zimekaribiana zaidi, na saba ina uhuni wake huko juu haifungi okteva safi, yani hairudi kwenye noti ileile iliyoanzia ila ya juu, kama wenzake, kwa hiyo saba usiihamishe mbele za watu kabla hujaihamisha nyumbani mara hamsini.

Kwa shangazi sasa. Mwanaume wa kawaida akiimba hijazi ya re anatulia palepale ulipo uzi wa re, anapanda hadi re ya juu anarudi, raha mustarehe. Shangazi yako ile re haifiki, iko chini mno, na ukimpa re ya okteva ya juu yake ndo huko watoto wanakocheka. Nyumbani kwake yeye ni katikati, sol au la. Waimbaji wetu wa taarabu wa kike wengi wanaimba kwa kifua, si kwa ile sauti nyembamba ya kichwani ya sopurano wa kwaya, na mwanamke akishapita hamsini mara nyingi sauti inazidi kushuka, ni mwili tu sio uzembe. Mnamkumbuka Bi Kidude aliyefariki 2013, ile sauti nzito yenye kokoto, hebu niambie nani alithubutu kumwambia apande.

Kwa hiyo mpe hijazi ya la. Na hapa kuna zawadi: wewe ukiipiga kuanzia uzi wenyewe wa la uko okteva moja chini yake. Yeye juu wewe chini, hamkanyagani, na ule uzi wa la ukiugonga wazi unamwekea sakafu anayosimama. Akitaka kusikia noti yake yenyewe ndo unapanda kwenye uzi wa sol kwa kidole cha kwanza unamgusia, alafu unarudi kwako. Waarabu wanaita karari na jawabu, chini na juu, na mpiga udi anaejua wakati wa kuondoka karari kwenda jawabu mie namuweka mbele ya anaejua taksimu mia, zile za udi kupiga peke yake bila mwimbaji.

Ila usimpe la kwa sababu nimesema mie. Kila koo lina kwake. Kosa nililolifanya mie, na nililipia, ni kuchagua kii kwa kuangalia ule mstari wa juu kabisa wa wimbo. Harusi moja hapa Ng'ambo, Unguja, miaka mingi sasa, tulifanya mazoezi saa kumi jioni, mama wa watu sauti mbichi imeamka vizuri anaufikia ule mstari bila shida, nkasema basi hapohapo. Tukaja kupiga saa sita usiku. Kashasalimiana na watu mia mbili, kashacheka, kashakula pilau, jasho, feni inampuliza shingoni. Beti ya kwanza sawa. Ya pili naona mshipa wa shingo umetoka. Ya tatu akafika palepale juu ikatoka pumzi tupu, sauti hakuna, akachukua glasi ya maji akanywa taratibu, akanigeukia akanitazama. Hakusema neno. Lile jicho nalikumbuka hadi leo, na nyimbo zilizobaki kila moja niliishusha hatua nne bila kuambiwa na mtu.

Tangu siku hiyo kii naitafuta kwa chini sio kwa juu. Fanya hivi: nenda kwa shangazi wakati hana habari na wewe, anakuna nazi au anachambua mchele, usibebe udi, muombe akuimbie tu ule mstari wa mwisho wa beti huku kazi zinaendelea. Mtu akiimba huku anakuna nazi hajipambi. Ile noti anayotulia mwisho, anayoiacha ikafa yenyewe, ndo nyumbani kwake. Ishike mdomoni kimoyomoyo ukimbie nayo chumbani ukaitafute kwenye udi. Ikidondokea kwenye uzi ulio wazi umepata. Ikidondokea katikati ya nyuzi mbili chukua ule wa chini, usichukue wa juu, manake saa sita usiku atakua kashashuka huko mwenyewe. Alafu ndo uangalie ule mstari wa juu kama anaufika, na kama haufiki kwa noti moja tu mwambie aubadili, ageuze ile kona ya wimbo. Waimbaji wakubwa wote wanageuza, nani atamshtaki.

Na jiandae na kutuza. Santuri za zamani, zile alizokwenda kurekodi Siti binti Saad kule Bombay 1928, upande mmoja ulikua dakika 3 hivi umekwisha. Harusini wimbo huohuo unafika dakika 20 manake mtu kainuka na noti yake ya pesa mkononi anakuja anacheza taratibu, hawezi kukatishwa, na shangazi ataurudia ule nusu mstari uliomgusa yule mtu mara nne mara tano. Kama umempa kii ya juu unamuua. Wewe kazi yako hapo ni kumpumzisha: akirudia mara ya tatu umeze mstari wewe, upige kama vile umenogewa, yeye atabasamu apokee pesa apumue.

Kitu cha mwisho kwako, vile vidole vya gitaa vinavyotafuta kodi, zile noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, viache mlangoni. Gitaa linamwekea mwimbaji kodi anapanda juu yake, udi wetu unatembea na mstari wake, nyuma yake nusu hatua, unaongeza kipambo pale alipopita. Nyuma nusu hatua, sio mbele. Ukiwa mbele unamfundisha mbele za watu.

Mwalimu habari za kazi. Mimi ni mwanaume, nilikulia kwaya wakinipanga sauti ya nne, yani besi. Siku hizi naimba na kikundi cha taarabu asilia hapa Dar na watu wananiambia maneno yangu hayasikiki ingawa maiki iko sawa. Mpiga udi wetu ni mzuri mno, labda ndo tatizo. Nimwambieje bila kumuudhi?
Sauti ya nne, Dar es Salaam

Nzuri ndugu yangu. Kwako tatizo limegeuka kinyume cha yule shangazi. Udi unaongea palepale mwanaume anapoongea, zile nyuzi za fa, la na re ndo koo lako wewe, kwa hiyo akipiga karari kwa nguvu huku unaimba ni sawa na watu wawili kupita mlango mmoja kwa pamoja. Na mnene kati yenu ni udi. Mwambie, na mnunulie kahawa kwanza, apande jawabu wakati unaimba, akae kwenye sol na do ya juu apige kidogo, alafu zile nyuzi nene azifungue ukinyamaza.

Na utanyamaza wapi? Mashairi yetu mengi ni mizani 8 kwa 8, ile nane ya kwanza ina kina chake na ndo mwimbaji anapovuta pumzi. Pale. Hilo ni dirisha la udi, kapimiwa na mtunzi mwenyewe, ni dogo lakini noti tatu nne zinaingia. Mpiga udi anaejaza na kabla ya kina anakula silabi zako za mwisho, na kwenye shairi la Kiswahili silabi ya mwisho ikiliwa kina kimekwenda, watu wanabaki wanaulizana kasema nani kasema nini.

Akae mahali anaona mabega yako. Mabega yakipanda unavuta pumzi, yakishuka unaanza, hahitaji ishara nyingine. Mie huwa nakaa kulia kwa mwimbaji nyuma kidogo, mbele sitaki manake nikiwa mbele naona watu tu na watu wananipotosha. Na risha, kile kijiti cha kupigia nyuzi, aisogeze karibu na kile kijibao cha chini, sauti inakua kavu na kali kidogo, inachomoza juu ya besi yako badala ya kulala nayo. Kwa mwimbaji mwenye sauti nyembamba laini ni kinyume, unapiga juu ya lile tundu kubwa sauti inakua ya mviringo inamkumbatia. Watu wananunua udi mpya kutafuta sauti tofauti na kumbe ni kusogeza mkono vidole vinne.

Yule anaekaa kwenye mikisa, ile mashine ya kupanga sauti, nae mwambie apunguze besi ya udi kidogo. Kidogo! Wakishashika kile kitufe hawana kiasi.

Waaleikum salaam maalim, nakuandikia toka Maskati. Tuna kikundi kidogo cha Waswahili tunapiga Ijumaa usiku, udi mie, dumbaki na rika za kushika mdundo, na kinanda cha umeme. Mpiga kinanda kila mwimbaji akisema "iko juu" anabonyeza kitufe anahamisha nusu sauti na kwake hakuna kilichobadilika. Mie nabaki sina uzi hata mmoja ulio wazi. Jana niliacha kupiga katikati ya wimbo kwa hasira.
Mzanzibari wa Maskati

Hasira zako halali kabisa, ningekua mie ningeondoka na ile waya ya umeme. Nusu sauti kwa kinanda ni kitufe, kwa udi ni kuhama nyumba usiku wa manane. Raha yote ya udi ni zile nyuzi zilizo wazi zinazotetemeka zenyewe ukigonga jirani yake, ukiwekwa nusu juu au nusu chini zote zinanyamaza na wewe unabaki unabana tu kila noti kama unasukuma gari.

Mkalishe mkubaliane, sio kwenye jukwaa, siku ya mazoezi. Kuhama kwake kuwe kwa hatua nne au tano, basi, na wewe unahamia uzi wa pili mnaendelea. Mwimbaji akililia nusu tu, basi iwe nusu ya kushuka, na wewe uwe na udi wa pili pembeni umeushusha nusu sauti tangu nyumbani. Udi haudhuriki kwa kushushwa nusu, unapumzika hata. Unaushika unapiga re yako ileile kama hakuna kilichotokea. Najua udi wa pili ni pesa, lakini huko Maskati nyie mna maduka, sisi huku tunasubiri mtu arudi safari.

Na akihamisha rasti kwa mkono bila kile kitufe mkumbushe ile robo sauti, ile noti ya rasti inayokaa kati ya funguo mbili za kinanda. Vile vinanda vyenye robo sauti unaiwashia noti maalum, ameiwashia mi, sasa kahamia sol na robo kaiacha kwenye mi palepale, mtu anaimba rasti huku kinanda kinapiga kitu hakina jina.

Mzee wangu, nipo Hamburg nasoma. Rafiki zangu wa chuo wana kikundi cha nyimbo za zamani za Uingereza, wanataka niwasindikize kwa udi badala ya luti yao kwasababu eti ni kitu kimoja. Mwimbaji ni soprano. Nikubali?
Mwanafunzi, Hamburg

Kubali, chakula cha bure hakikataliwi. Kitu kimoja sio lakini ni mjukuu, hata jina luti limetoka kwenye al-ud. Wao huko wakaifunga shingo nyuzi za utumbo zikae mahali pa vile vyuma vya gitaa, wakaacha risha wakapiga kwa vidole, na hiyo ndo tofauti itakayokusumbua: nyimbo za kina John Dowland, mtunzi wa Kiingereza, kitabu chake cha kwanza cha nyimbo kilitoka 1597, luti inapiga sauti tatu nne kwa mpigo, kila kidole na mstari wake. Risha yako ni moja. Usijaribu kuzipiga zote. Chukua ule mstari wa chini kabisa, mpe soprano sakafu, na mahali anapopumua mpe kipambo kidogo chako, chako kweli, cha Unguja, watapenda. Kuhusu kii, wenzetu wa zamani hawakua na noti moja iliyowekwa na serikali, luti zilikua kubwa na ndogo na mtu anachagua ya kumfaa mwimbaji, na mwalimu mmoja wa Kiingereza aliandika 1603 kwamba uzi wa juu uukaze hadi pale unapoogopa utakatika. Kijana wa Tanga usisome hiyo.

Asalaam aleikum mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka 13, tangu mdogo anaimba vizuri mno na babu yake anampigia udi. Miezi miwili sasa sauti inakatika katikati, mara nene mara nyembamba, mtoto analia, hataki tena kuimba. Babu yake anasema akaze tu itarudi.
Mama, Mombasa

Waaleikum salaam mama. Hairudi. Inashuka, kwa watoto wa kiume inashuka karibu okteva nzima na inachukua miezi, wengine zaidi ya mwaka, na kukaza ndo kuharibu. Mzee namheshimu na shikamoo yake mpe, lakini hapo amuache mtoto apumue.

Asinyamaze kabisa nae. Aimbe kidogo pale katikati ambapo haikatiki, labda noti tano tu, na babu amtafutie nyimbo fupi zinazokaa humo humo, asimpandishe asimshushe. Kila wiki mbili wapime tena manake nyumba itakua imehama, leo inatulia sol, mwezi ujao fa, na babu ahame nae bila kusema kitu. Alafu hii miezi ambayo koo limegoma ampe udi mkononi. Mtoto aliekua anaimba anajua mwimbaji anataka nini, atakua mpiga udi mzuri kuliko wengi waliotoka kwenye gitaa, na kijana wa Tanga anisamehe tena.

Nirekodini mtoto anaimba hizo noti tano nimsikie, dakika moja inatosha. Isiwe video, simu yangu nafasi imekwisha.